Lot Mlotshwa, Mkaguzi Aliyeridhika Mara Mbili

Mchungaji, wazee wa kanisa, wafiwa wenzangu, majirani wa Vukuzenzele, na ninyi mliotoka mbali mkapanda magari alfajiri na baridi yote hii, nasimama mbele yenu kwa niaba ya ukoo wa Mlotshwa, mimi Simangele, mtoto wa dada yake marehemu, niwasomee maisha ya mjomba wangu tangu alipozaliwa hadi Jumanne iliyopita alipotuacha. Niwatahadharishe mapema kwamba katika historia hii mna jambo moja ambalo familia yetu imelificha kwa miaka thelathini na sita, nami nitalisoma leo kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe, na mama yangu, yule pale mbele mwenye shali la kijivu, amekubali lisomwe akiwa amekaa papo hapo anasikia.

Marehemu Lot Mlotshwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika kijiji cha Sidakeni, wilaya ya Kezi, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Ndabezinhle Mlotshwa, fundi mwashi, na marehemu MaSibanda, ambaye alifariki Lot akiwa hajatimiza miaka mitatu, hivyo aliyembeba mgongoni, aliyemtafunia nyama na kumfuta kamasi ni dada yake Sikhangezile, ambaye naye alikuwa mtoto vilevile, amemzidi miaka minne tu, na waliowaona wakati huo walikuwa wakisema hujui nani anambeba nani, maana miguu ya Lot ilikuwa ikiburuta vumbi. Tangu siku hizo Sikhangezile alimwita "mwanangu", akamwita hivyo hadi mvi zikamjaa kichwani na cheo kikamjaa mfukoni, na yeye aliitika, hata mbele ya wakubwa zake wa kazi.

Alisoma shule ya msingi ya Sidakeni kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, kisha akaingia shule ya ufundi ya misheni mwaka 1966, akahitimu uashi mwezi Novemba 1968, na mwalimu wake aliandika kwenye cheti kwamba kijana huyu anajenga vizuri lakini anauliza maswali mengi mno, neno ambalo mjomba alilipenda kuliko alama zote alizopata, akalisoma kwa wageni kila walipokaa kunywa chai.

Mwaka 1969 aliajiriwa na reli kama mwashi, akajenga vibanda vya wafanyakazi, na tarehe 4 Februari 1974 akahamia halmashauri ya mji wetu huu wa Ntabamnyama, ambako kwa miaka saba kazi yake ilikuwa kuwabebea wakaguzi wa majengo futi kamba na ngazi, wao wakipima na yeye akishika ncha ya pili. Lakini kitabu cha kanuni za ujenzi, kile chenye jalada la buluu, walikuwa wakikiacha ndani ya gari walipokwenda kula, na Lot alikuwa akila ugali wake wa mtama na maziwa mgando kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili anafunua kurasa, kidole juu ya mstari, midomo ikicheza, kila kanuni akiiuliza swali moja tu, nani alikufa, kwa maana aliamini, na alituambia hadi tukachoka, kwamba kila kanuni ina marehemu wake, na ukisoma kwamba mlango wa ukumbi lazima ufunguke kwa nje, ujue kuna mahali watu walirundikana nyuma ya mlango uliofunguka kwa ndani. Tarehe 1 Septemba 1981, mwaka uliofuata uhuru, aliteuliwa kuwa mkaguzi wa majengo, mwananchi wa kwanza wa hapa kushika kazi hiyo, na siku hiyo dada yake alimpigia pasi koti mara mbili.

Kabla ya hapo, tarehe 11 Desemba 1976, alifunga ndoa katika kanisa letu hili, kabla ukumbi huu haujajengwa, na Nobukhosi Tshuma, yaani MaTshuma, mjane wetu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Zenzele, aliyezaliwa mwaka 1977, na Sipholisile, aliyezaliwa mwaka 1980, ambaye ni muuguzi huko Francistown, na wajukuu watano. Wajukuu hao wote wamefundishwa kuingia chumba kigeni kwa kutafuta kwanza mlango wa pili uko wapi, hata kwenye sherehe, hata kabla ya kusalimia, na bibi yao MaTshuma amekwisha kuchoka kuwaombea radhi.

Sasa nafika mahali penyewe. Mwaka 1982 halmashauri iligawa viwanja vya Vukuzenzele, kila mtu ajijengee nyumba yake hatua kwa hatua, msingi, kuta, paa, na kwa kila hatua mkaguzi aje atie sahihi kwenye kadi, na mama yangu Sikhangezile, ambaye mumewe, baba yangu Zephania, alikuwa mbali kazini kwenye reli, alijenga vyumba viwili huku akiwa mjamzito, na tarehe 2 Aprili 1983 akajifungua mtoto wa kiume, mdogo wangu, akaitwa Nkazimulo, mimi wakati huo nina miaka sita. Ijumaa ya tarehe 20 Mei 1983 mjomba alikuja kufanya ukaguzi wa mwisho, akatoa kitabu, akatoa futi kamba kama ilivyo kwa nyumba ya mtu baki, akapima dirisha, akapima urefu wa dari, kisha akainua macho kwenye ukuta wa chumba cha kulala na hakuona matofali mawili ya matundu yanayotakiwa kuwa pale juu ya kupitishia hewa.

"Matundu yako wapi, dada?" aliuliza.

"Nimemkataza fundi asiyaweke," mama alisema. "Mtoto ana kikohozi, Lot. Unataka nimlaze kwenye upepo wa Juni?"

"Kanuni inataka mawili, kila chumba cha kulala."

"Kanuni imeshawahi kuzaa? Mimi ndiye niliyezaa. Na wewe nilikulea kwenye nyumba ya majani isiyo na tundu hata moja la mraba, mbona hukufa, mwanangu?"

Mjomba alilijua jibu la swali hilo, alilisoma ndani ya gari la wakaguzi miaka mingi kabla, kwamba nyumba ya majani hupumua yenyewe kila upande na ukuta wa saruji haupumui mpaka uutoboe, angeweza kumwambia, lakini aliyekuwa mbele yake ni mtu aliyemtafunia nyama, naye ameshika kichanga kinachokohoa. Akarudi kwenye kitabu kutafuta njia, na mtu anayetafuta njia kwenye kitabu huipata, kwa sababu kanuni ile ilimalizikia kwa maneno haya, nayasoma kama yalivyokuwa: "au njia nyingine ya kudumu ya kupitisha hewa, kwa namna itakayomridhisha mkaguzi." Mkaguzi ni yeye. Akachuchumaa, akaingiza kidole cha shahada chini ya mlango, kikapita, akakitoa, akasimama akajipangusa vumbi la magoti.

"Basi, dada," alisema, "nimeridhika."

Akatia sahihi kwenye kadi, akanywa chai, akambeba mtoto kidogo, akaenda zake.

Mwezi uliofuata baridi ilishuka kama inavyoshuka kwetu, na mama alifanya tunavyofanya sote hapa Ntabamnyama, aliwasha makaa ya mawe kwenye debe lililotobolewa, akaliweka nje uwanjani mpaka moshi ukaisha na makaa yakawa mekundu matupu, kisha akaliingiza chumbani, kwa kuamini, kama wanavyoamini wengi mlioketi humu, kwamba moshi ukiisha hatari nayo imekwisha. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 18 Juni 1983, jirani yetu MaDube aliona uwanja wetu haujafagiwa, na mama yangu si mtu wa kukutwa na jua kitandani, akagonga, akaita, kisha akachukua mchi akavunja dirisha, akaingia kupitia dirishani na sketi yake, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, akatutoa mmoja mmoja. Mama alitolewa akiwa hawezi kusimama, mimi nilitolewa nikitapika, na Nkazimulo alitolewa akiwa amelala, shavu limewiva kama la mtoto mwenye afya, lakini hakuamka.

Kanisani ilitangazwa kwamba mtoto aliugua kifua, na MaDube na majirani walioona wakatutunzia siri. Hivyo ndivyo tulivyosema kwa baba yangu aliporudi, hivyo ndivyo tulivyosema kwa ukoo, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye Biblia ya nyumbani.

Jumatatu yake mjomba alichukua kadi ile akaenda nayo kwa mkubwa wake wa kazi, akaiweka mezani, akaeleza kila kitu akiwa amesimama. Mkubwa alisoma kanuni, akamuuliza, "Siku ile uliridhika?" Mjomba akajibu kwamba aliridhika. "Basi hakuna kanuni iliyovunjwa, Mlotshwa. Rudi kazini." MaTshuma anasema mumewe alirudi nyumbani akaketi kwenye ngazi ya nyuma bila kuvua koti, naye alipomuuliza kama amefukuzwa, alisema laiti wangemfukuza.

Jumamosi iliyofuata alikuja kwetu na patasi, nyundo na matofali mawili ya matundu, akapanda juu ya stuli, akatoboa ukuta wa chumba cha kulala mahali pawili, akayapachika, akayapiga lipu, akafagia vumbi lake, na muda wote huo mama aliketi kwenye mkeka nje akimsikia. Mjomba alikuwa akiomba msamaha kwa njia pekee aliyoijua, kwa mikono, na mama katika kila pigo la nyundo alisikia akihukumiwa.

Alisikia hivyo kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo mjomba hakulijua. Nafasi ile ya kidole chini ya mlango, ile iliyomridhisha, mama aliiziba. Alikunja gunia la unga akalisukuma pale chini, maana ubaridi ulikuwa ukiingia sakafuni tulipolala, na MaDube alipovunja dirisha na kufungua mlango kwa ndani, gunia lilisukumwa pembeni na miguu ya watu, hakuna aliyelitazama mara ya pili, na mama alipopata nguvu alilichukua, akalifua, akalikunja, akalitia chini kabisa ya sanduku lake. Kwa hiyo katika ukoo huu kulikuwa na watu wawili waliopendana kuliko wote, kila mmoja akiamini kwamba ndiye aliyemuua mtoto yule, na kila mmoja akiamini kwamba mwenzake anamlaumu, nao walikaa hivyo kuanzia mwaka 1983 hadi mwezi uliopita.

Tangu Juni ile mjomba hakulitamka tena neno "nimeridhika". Kwenye kadi za watu aliandika "imepimwa, imefaa", mezani alisema ameshiba, na siku Zenzele alipofaulu mtihani wake wa chuo akamuuliza baba yake kama ameridhika, alimkumbatia, akalia, akamwambia amefurahi sana, amefurahi mno, lakini lile neno hakulitoa. Aliiandikia halmashauri barua kila mwaka kuomba maneno "kwa namna itakayomridhisha mkaguzi" yafutwe katika kanuni ya vyumba vya kulala, barua sita, ya kwanza ilijibiwa kwamba imepokelewa, nne hazikujibiwa, na ya sita ilipelekwa kwenye kikao cha tarehe 9 Novemba 1989, ambako aliitwa aeleze. Akawaambia waheshimiwa kwamba kanuni ikimwachia mkaguzi nafasi ya kuridhika, inamwachia pia nafasi ya kupenda, kuogopa na kuchoka, na hewa haijui mambo hayo. Maneno yale yalifutwa siku hiyo, nasi tunayo nakala yenye mstari mwekundu.

Na ni katika miaka hiyo alipoanza kutembea na unyoya wa kuku kwenye utepe wa kofia, ambao alikuwa akiuchomoa, akaushika mbele ya tundu la chumba kwa vidole viwili na kungoja, ukitikisika anaandika, usipotikisika anapanda stuli na kuchomoa alichokikuta, gazeti, soksi, kipande cha blanketi, na mara moja, kwenye nyumba ambayo sitaitaja ingawa mwenyewe anacheka pale nyuma, karatasi za daftari la nyimbo la kwaya. Wanawake wa Vukuzenzele kila walipomwona akikata kona ya barabara walipelekeana habari kwa filimbi, matambara yanachomolewa upesi, akipita yanarudishwa, naye alijua, kwa sababu tundu lililozibwa muda mrefu halina masizi. MaDube, ambaye yupo hapa na miaka yake themanini na minane, asinikane, alisimama mbele yake mlangoni siku moja mikono kiunoni.

"Wewe Mlotshwa, unataka tuishi ndani ya chujio?"

"Chujio halijawahi kumuua mtu, MaDube."

"Baridi je?"

"Baridi utaisikia, mama. Utatetemeka, utanitukana, utaongeza blanketi. Huyu mwingine, atokaye kwenye makaa yasiyo na moshi, hutamsikia kamwe."

Mwaka 1996 ukumbi huu tulimoketi ulipokamilika, wazee wa kanisa walimwita atie sahihi wakidhani ni jambo la dakika kumi, kwa kuwa yeye ni muumini wa hapa na jina lake limo kwenye orodha ya waliochonga mawe ya msingi. Akakuta milango mikubwa inafunguka kwa ndani, na mlango wa nyuma umefungwa mnyororo. Mzee mmoja, naye ametangulia mbele za haki, akamuuliza kama nyumba ya Mungu nayo inahitaji mlango wa kukimbilia.

"Mungu hatakimbia, baba," mjomba alimjibu. "Tutakaokimbia ni sisi."

Walipoendelea kubisha hakufungua kitabu, aliwaomba wazee wote kumi na wawili waje wasimame mbele ya mlango, kisha akawaomba wasogee, wasogee tena, kama watu walioona moto nyuma yao, matumbo yakabanana, na yule aliye mbele akaambiwa avute mlango aufungue. Hakuweza kuuvuta hata kwa upana wa kiganja, maana wenzake walikuwa wamemgandamiza kwenye mlango wenyewe, na mjomba akawaacha hapo kwa muda, wakihemeana shingoni, ndipo akasema kwa upole kwamba mtu aliyeshikwa na hofu husukuma, havuti, na waliotunga kanuni hii walilijua hilo baada ya kuwatoa watu mlangoni mmoja mmoja. Ukumbi ulichelewa kufunguliwa kwa majuma matatu, harusi mbili zikahamishiwa shuleni, alisemwa sana, na milango ikageuzwa.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2009, halmashauri ikamzawadia saa ya ukutani, akaitundika mbali na tundu la hewa.

Lakini kuna kazi moja ambayo hakuistaafu. Kila mwaka, siku ya kwanza ya baridi kali ya Juni, alikuja nyumbani kwa mama, amevaa koti la kazi, akapiga hodi, akaingia chumba cha kulala peke yake na unyoya wake, akatoka, akaketi nje akanywa chai. Dada na mdogo wake walizungumza habari za ng'ombe wa Sidakeni, za mvua, za wajukuu, hata wakacheka, ila kwa muda ule aliokuwa chumbani mama alikuwa akienda jikoni na kugongagonga masufuria yasiyo na kitu. Mwaka mmoja nilimuuliza kwa nini haendi naye. Akasema, "Anakuja kunionyesha nilichofanya, mwanangu, na ana haki." Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa sijui lolote kuhusu gunia, nikadhani anazungumzia debe la makaa, nikanyamaza.

Mwezi Oktoba 2017 marehemu alianza kukohoa, akapelekwa hospitali ya wilaya, kisha hospitali kuu ya Bulawayo, ambako tarehe 23 Novemba iligundulika kwamba ana saratani ya mapafu, akatibiwa, akapata nafuu mwaka mzima wa 2018, akarudi hata kwenye kwaya, na mwezi Machi mwaka huu ugonjwa ukarudi kwa nguvu, madaktari wakashauri auguzwe nyumbani. Alilazwa chumba cha nyuma, kitanda kikasogezwa chini ya tundu kwa amri yake.

Jumapili ya tarehe 19 Mei, alasiri, mama yangu aliniambia nimpeleke kwa mdogo wake, akatoka na fimbo yake na kifurushi kwapani. Tulipofika aliomba tubaki, mimi na MaTshuma, kwa sababu alisema jambo hili lisiposikiwa na watu atalirudisha sandukuni. Akaketi kando ya kitanda, akafungua kifurushi, akaweka gunia la unga juu ya miguu ya mjomba, limefuliwa jeupe, limekunjwa mara nne.

"Lot, mwanangu," alisema, "hili lilikuwa chini ya mlango."

Mjomba hakuelewa. Akalishika, akaligeuza.

"Mlango gani, dada?"

"Mlango ulioupima kwa kidole. Nililiweka mimi. Ile nafasi yako niliiziba mimi jioni ile, na nimekuacha uje nyumbani kwangu na huo unyoya miaka yote hii, nakuona, nashindwa kusema. Si wewe. Hukuwa wewe hata siku moja."

Alisema hivyo akalia kwa sauti, mwanamke wa miaka sabini na minne, na mimi sijawahi kumwona akilia vile, hata siku tulipomzika baba. Mjomba akamwomba MaTshuma amletee kitabu cha buluu. Tulidhani amechanganyikiwa. Akafunua ukurasa bila kuutafuta, akaweka kidole kwenye mstari, akamgeuzia dada yake, ambaye hasomi vizuri na miwani hakuja nayo.

"Soma hapa, kuanzia neno la nne," alimwambia, kisha akalisoma mwenyewe. "'Ya kudumu.' Njia ya kudumu ya kupitisha hewa. Tundu linalozibika kwa gunia si la kudumu, dada. Mkaguzi anatakiwa alijue hilo kabla mtu hajashika gunia. Mama mwenye mtoto anayekohoa ataziba, kila mama ataziba, ndiyo maana kanuni inataka matundu yawe juu, kwenye ukuta, mbali na mkono wake. Kanuni ilikufikiria wewe. Mimi ndiye niliyeisoma vibaya."

"Wewe ulikuwa unanihukumu, kila Juni."

"Nilikuwa nakuja kuomba radhi. Kila nikifika mlangoni naona unakimbilia jikoni, nikasema bado hajanisamehe, nitarudi mwakani."

Basi wakabaki wakitazamana, wazee wawili, na MaTshuma ndiye aliyesema kwa hasira, huku machozi yakimtoka, kwamba akili zote za ukoo wa Mlotshwa ziliishia kwenye ujenzi. Wakacheka, mjomba akakohoa, wakacheka tena. Mama akasema mzigo huu waugawane basi, nusu kwa nusu, maana kila mmoja hataki kumwachia mwenzake, na mjomba akakubali. Halafu akachomoa unyoya kwenye kofia iliyokuwa imetundikwa kitandani, akampa dada yake, akamwomba aushike mbele ya tundu lililo juu ya kitanda, na mama akasimama kwa shida, akainua mkono, unyoya ukatikisika.

"Umeridhika, mwanangu?" mama alimuuliza.

"Nimeridhika, dada."

MaTshuma alitoka nje, kwa kuwa ilikuwa miaka thelathini na sita tangu mumewe alipolitoa neno hilo kinywani.

Kuhusu gunia alitupa agizo, azikwe nalo, lisije likaziba mlango mwingine, na alipoona nyuso zetu akaongeza kwamba huko aendako ndiko mahali pekee ambapo kanuni haidai tundu. Limo kwenye jeneza, chini ya miguu yake. Aliagiza pia kwamba katika historia yake iandikwe Nkazimulo alikufaje, na kwamba kwenye Biblia ya nyumbani maneno "aliugua kifua" yafutwe kwa mstari mwekundu, na mama ameyafuta kwa mkono wake. Marehemu Lot Mlotshwa alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2019, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na mkewe, watoto wake wote wawili na dada yake, dirisha likiwa wazi, akiwa na umri wa miaka sabini na miezi miwili na ushee.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya na wa hospitali kuu kwa uvumilivu wao, hasa kwa mgonjwa aliyewakagulia wodi, inawashukuru majirani wa Vukuzenzele mliopika, mliochota maji na mliokesha nasi, inamshukuru MaDube kwa mchi ule, shukrani ambayo tumechelewa kuitoa, inawashukuru wakaguzi wa halmashauri, wenzake, mlioomba wenyewe kulibeba jeneza, na mchungaji na wazee wa kanisa kwa milango hii, ambayo jeneza litatokea bila mtu kurudi nyuma hata hatua moja kuipisha.

Maua hatukuomba. Leo ni tarehe nane Juni, baridi mnaiona, na sisi wa hapa tunajuana, najua ninachokisema nikisema kuna gazeti kwenye matundu ya nyumba zenu. Mkirudi, kabla ya kula, pandeni stuli mkalichomoe, na debe la makaa likae nje hata kama limekwisha moshi, hayo ndiyo maua yake, na baridi ikiwauma mtukaneni, amezoea.

Asubuhi hii tulipokuwa tukijiandaa kuja, mama yangu aliingia chumbani kwake peke yake na unyoya ule, hakwenda jikoni, hakugonga sufuria, akakawia kidogo, nami nikiwa chumba cha mbele nikamsikia akisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na aliye chumba cha pili, "Unatikisika, mwanangu. Nimekuangalizia."

Lala salama, mjomba, upumzike kwa amani, kazi ya Juni tumeipokea.